Kula Si Lazima: Safari Yangu ya Kwanza ya Sataranji, Kwamndolwa hadi Mombasa

Kwamndolwa tunacheza drafti. Kata yetu imo ndani ya Halmashauri ya Mji wa Korogwe, na jua la mchana likishakuwa kali, vijana wa bodaboda waliokosa abiria na wazee waliomaliza shamba hukutana chini ya mwembe. Ubao ni kipande cha mbao kilichochorwa kwa kalamu ya wino mzito, kete ni vizibo vya soda: vya huyu vimelala kifudifudi, vya yule vimelala chali. Hakuna saa wala daftari, lakini kelele zipo, kwa sababu kila anayetazama anajua hatua iliyo bora kuliko ya anayecheza.

Na sheria ni moja, haina mjadala: kula ni lazima. Ukiona kete ya kula, unaila, upende usipende. Ndiyo maana fundi wa drafti si yule anayekula sana, ni yule anayelisha. Anakutupia kete moja, unalazimika kuila, anakutupia ya pili, unaila tena, halafu yeye anaruka juu ya tatu zako na kuingia kingi huku kijiwe kizima kikishangilia. Mimi nimekulia humo. Ninaweza kusema bila kujisifu kwamba pale mwembeni walionizoea hawakuniwekea soda hovyo.

Sataranji niliiona kwa mwalimu mwanafunzi aliyekuja kufanya mazoezi ya kufundisha katika shule ya jirani. Alikuwa na ubao wa plastiki unaokunjwa kama mkeka, na kete za plastiki ndani ya mfuko wa kitambaa. Jioni alikuwa anajichezea mwenyewe, pande zote mbili. Nikamuuliza kwa nini anazungumza na ubao. Akanikalisha. Aliponiambia kwamba katika mchezo huu unaweza kuona kete ya kula ukaiacha, nilicheka. Mchezo gani huo wa kuogopa kula?

Alipoondoka aliniachia ule ubao. Kilichobaki kilikuwa simu na bando. Kuna tovuti inayoitwa Lichess, haitozi kitu na haina matangazo, na humo nilicheza na watu wa nchi ambazo sitazifika. Usiku mtandao ukiwa mzuri unaweza kucheza na Mhindi, na Mbrazili, na Mfaransa, kabla hujalala. Lakini mchezo wa simu una upungufu wake: huoni uso wa mtu. Niliposikia kwamba Mombasa kuna mashindano ya wazi, ya yeyote mwenye ada ya kujiandikisha, nikaona Mombasa si mbali. Mdogo wake mama aliolewa Likoni tangu sijazaliwa, na kwa upande wetu wa Tanga kuwa na ndugu ng'ambo ya Horohoro ni jambo la kawaida. Nilikuwa sijawahi kuvuka mpaka. Nikaenda kushughulikia hati ya kusafiria.

Tuliondoka Korogwe alfajiri. Kabla hakujapambazuka mkonge hauonekani, unaonekana ule mstari mweusi tu wa ncha zake, kisha jua linapopanda unagundua kwamba umekuwa ukipita katikati ya mashamba muda wote. Mmea huu ulikuja na mtu mmoja: Richard Hindorf, Mjerumani, mwaka 1893, aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, na iliyofika hai ilikuwa 62. Hiyo 62 ndiyo iliyozaa mashamba yote ya Tanga, na watu wakaletwa kutoka mikoa ya mbali kuja kukata. Nusu ya majina ya watu wanaocheza drafti mwembeni kwetu si ya Kizigua wala ya Kisambaa, na sababu ni hiyo miche 62.

Mto Pangani nao unashuka upande huo huo wa baharini. Karne ya 19 bonde hili lilikuwa njia ya misafara, pembe za ndovu zikitoka bara kwenda kupakiwa Pangani mjini. Nilipokuwa naangalia dirishani nilikumbuka jambo nililolisoma kuhusu al-Masudi, yule msafiri wa Baghdad aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10. Aliandika kwamba pembe za nchi ya Zanji zilipelekwa Oman, na kutoka huko zikaenda India na China, na kwamba huko India kazi yake kubwa ilikuwa kuchongewa kete za sataranji. Kwa hiyo mtu akiniambia, kama wengi walivyoniambia kabla sijaondoka, kwamba sataranji ni mchezo wa Wazungu na wasomi, sioni haja ya kubishana naye sana. Ndovu wa pwani hii walikuwa wafalme na mawaziri kwenye ubao karibu miaka elfu moja kabla Mjerumani hajaleta mche wa kwanza wa mkonge.

Muheza tulisimama kidogo, machungwa yakapanda dirishani kabla ya wauzaji wenyewe. Stendi ya Kange, Tanga, nikabadilisha gari. Kutoka Tanga hadi Horohoro ni kilomita 65 za lami safi, unapita Duga Maforoni, minazi inaongezeka, nyumba zinapungua, halafu ghafla unaona foleni ya malori na bendera mbili.

Ofisa aliyeipokea hati yangu aliigeuza pande zote.

"Unakwenda kufanya nini Mombasa?"

"Kucheza sataranji, afande."

"Kucheza nini?"

Nikatoa ule mkeka wa plastiki kwenye begi. Akauangalia, akaangalia foleni nyuma yangu, akaangalia tena mkeka.

"Hii si drafti hii?"

"Ubao ni huo huo, afande. Watu wake ndio tofauti."

"Na drafti unacheza?"

"Nacheza."

"Basi ukirudi pitia hapa," akasema, akagonga muhuri. "Kuna mtu hapa anajiona sana."

Upande wa Lunga Lunga nikapanda matatu. Pale Ramisi miwa inaanza, kwangu mimi mwenye macho ya mkonge miwa ni kijani kisicho na nidhamu. Msambweni, Ukunda, Diani wanakoshuka watu wa mahoteli, kisha Likoni. Mama mdogo aliniambia nisihangaike kuvuka siku hiyo, lakini nilitaka kuiona feri, nikaenda kusimama pale kwenye mteremko. Watu kwa maelfu, wenye baiskeli, wenye mikokoteni, wenye magunia kichwani, wote wanashuka kwa kasi moja kana kwamba feri itaondoka na mji. Anayetembea kwa miguu halipi kitu. Sisi tulio bara kidogo hatujazoea kivuko cha bure, nilibaki na sarafu mkononi nikimtafuta wa kumpa.

"Umekonda, baba," mama mdogo aliniambia nilipofika nyumbani. Hakuwa ameniona tangu nikiwa shule ya msingi, sijui alinilinganisha na nani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Na huo mchezo wenyewe, wanatoa pesa?"

"Wanatoa kwa watatu wa kwanza."

"Na wewe utakuwa wa ngapi?"

Nikamwambia ninakwenda kujifunza. Akanitazama kwa huruma, akanipakulia wali.

Ukumbi ulikuwa wa shule moja mjini, meza zimepangwa kwa safu, kila meza na ubao, kete zimeshasimama, saa ya elektroniki pembeni, karatasi mbili za kuandikia hatua. Kilichonishangaza kwanza ni umri. Nilitegemea wazee wenye miwani. Zaidi ya nusu walikuwa watoto wa shule, wasichana wengi tu, wengine miguu haifiki chini wakikaa kitini. Kenya wameuingiza mchezo huu mashuleni kwa bidii, na si mijini pekee: huko Kakuma, kambini Turkana, tangu 2021 Shirikisho la Dunia la Sataranji, FIDE, kwa kushirikiana na Shirika la Umoja wa Mataifa la Wakimbizi na chama cha Kenya, wamekuwa wakiwafundisha wasichana wakimbizi. Sisi wenye amani yetu Korogwe hata ubao wa sataranji shuleni hatuna.

Mwamuzi alisoma taratibu. Mashindano yanakwenda kwa mtindo wa Uswisi, ulioanzia Zürich mwaka 1895: hakuna anayetolewa akifungwa. Kila raundi unapangiwa mtu mwenye pointi sawa na zako au zinazokaribia, kwa hiyo ukishinda unapanda kwa wakali, ukifungwa unashuka kwa wenzako. Ushindi pointi moja, sare nusu. Mtindo wa haki kabisa kwa mgeni, kwani kwenye mtoano ningetoka Korogwe nikacheze mara moja nirudi. Kila mchezaji ana saa nzima, na kila akicheza saa inamwongezea sekunde 30. Kila hatua lazima iandikwe. Ukigusa kete, umeicheza. Simu zikabaki nje kwa mwamuzi.

Kisha kikaja kile ambacho hakuna simu wala mwembe ungeweza kunitayarisha nacho: kimya. Watu zaidi ya mia moja ndani ya ukumbi mmoja na sauti pekee ni feni na vidole vinavyobonyeza saa. Mtazamaji anapita, anasimama nyuma yako, anaona unachokiona, pengine anaona zaidi, na hasemi neno. Mwembeni kwetu mtu wa namna hiyo angepasuka.

Raundi ya kwanza nilipangiwa mwanamume wa Nairobi mwenye kiwango cha FIDE. Alinifunga kwa adabu, akanipa mkono, akaniambia "karibu sana Kenya". Sina zaidi la kusimulia juu ya hilo.

Raundi ya pili ndiyo ninayotaka kuieleza, hasa mwanzo wake.

Mpinzani wangu alikuwa kijana wa sekondari, mrefu, amevaa sweta ya shule pamoja na joto lote lile la Mombasa. "Shikamoo, mjomba," akasema, tukapeana mikono, akabonyeza saa. Alikuwa na kete nyeupe. Akasukuma kitunda, yaani kete ndogo, kilicho mbele ya mfalme nyumba mbili, nami hivyo hivyo. Farasi wake f3 (kila nyumba ya ubao ina jina la herufi na namba), wangu c6. Askofu wake c4. Huu ndio mwanzo wa Kiitaliano, umechezwa karne na karne. Nikamtoa farasi wa pili f6, mpango unaoitwa Ulinzi wa Farasi Wawili. Na hapo, bila kufikiri hata nusu dakika, akamrusha farasi wake hadi g5.

Ninaomba msomaji asiyejua sataranji anivumilie kidogo, maana utamu wote umelala hapa. Kila upande una nyumba moja dhaifu tangu mwanzo wa mchezo: ile ya kitunda kilicho ubavuni mwa mfalme, f7 kwa mweusi, f2 kwa mweupe. Hakilindwi na yeyote ila mfalme mwenyewe. Farasi wa g5 na askofu wa c4 wote wawili walikuwa wanaitazama f7 yangu. Siegbert Tarrasch, daktari wa Kijerumani aliyekuwa miongoni mwa wakali wa dunia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, aliidharau hatua hii ya farasi, aliiona ya wachezaji wa ovyo, kwa sababu inashambulia kabla jeshi halijatoka. Pengine ni kweli. Lakini Tarrasch hakutokea kwenye kijiwe cha drafti. Kwa mtu wa kwetu, hatua hii ni mtego uliotengenezwa kwa kipimo chake.

Jibu la kawaida ni kusukuma kitunda d5, kumzibia askofu. Nikasukuma. Akakila kwa kitunda chake cha e4. Sasa kitunda cheupe kimekaa d5 katikati ya ubao, kinamtishia farasi wangu wa c6, na farasi wangu wa f6 anakiona. Kula. Kila kilicho ndani yangu, miaka yote ya mwembeni, kilisema kula. Kwa sheria ya drafti nisingekuwa hata na hiari.

Na ukila unaingia matatani. Farasi wake wa g5 angeingia f7 kwa nguvu, akimpanga malkia wangu na ngome yangu kwa mara moja, mfalme wangu angelazimika kumla, malkia wake angetokea f3 akitoa shaha, yaani kumtishia mfalme, na kumshika farasi wangu wa d5 papo hapo, na ili kumwokoa farasi huyo mfalme wangu angepanda hadi e6, katikati ya ubao, mchana kweupe. Wataliano waliuchambua mkasa huu zaidi ya miaka 400 iliyopita, na wakaupa jina la jikoni: Maini ya Kukaanga. Si lazima ufe papo hapo ukiingia humo, lakini anayepika ni mwenzako.

Kijana alikuwa ameinamisha kichwa anaandika hatua yake. Nikaona jicho lake moja limebaki ubaoni, linasubiri mkono wangu umguse farasi wa f6.

Nikamgusa farasi mwingine, wa c6, nikampeleka a5 kumtishia askofu. Kitunda nikakiacha.

Akainua uso. Akatoa shaha kwa askofu b5, nikaziba kwa kitunda c6, akala, nikala, askofu wake akarudi nyuma hadi e2. Alikuwa amekula vitunda viwili na mimi kimoja. Kwa hesabu ya mwembeni nimeshindwa. Lakini nikaanza kumfukuza: kitunda h6, farasi wake akarudi f3, kitunda e4, farasi akakimbilia e5, askofu wangu d6, akimtishia tena. Hesabu hatua zake: katika kumi za mwanzo, farasi huyo mmoja amehama mara nne, askofu yule mmoja mara tatu. Wengine wote wamelala nyumbani. Mimi nimelipa kitunda, nimenunua muda. Huu ndio ufunguzi wenyewe, sikuubuni mimi, umo kwenye simu ya kila mtu; lakini kuusoma kitandani na kuuweka mezani huku saa inahesabu ni mambo mawili.

Akasukuma kitunda d4, nyumba mbili kwa mkupuo, nami nikakila njiani, yaani kitunda changu kilichokuwa e4 kikakamata kana kwamba chake kimesogea nyumba moja tu. Sheria hii niliwahi kuitumia mbele ya watu wa mwembeni siku nilipowaonyesha sataranji, wakanisimamishia mchezo kwa wizi. Farasi wake akala d3. Tukaficha wafalme wetu kwenye kona, kila mmoja nyuma ya vitunda vyake vitatu. Nikampanga malkia c7, akasogeza kitunda h3 kujihami. Nikamtoa askofu f5, yeye farasi c3. Ngome yangu d8, yeye kitunda b3. Nikamsogeza malkia d7, nyuma ya askofu wa f5, wote wawili sasa wanatazama mstari mmoja unaoishia h3. Akamweka askofu wake b2. Alikuwa na kitunda kimoja zaidi na sasa farasi na maaskofu wake wote wametoka.

Saa yangu ilikuwa imekwenda sana kuliko yake. Nikanywa maji. Na nikafanya kitu nilichofanya maelfu ya mara kwa vizibo vya soda: nikamlisha. Askofu wangu wa f5 akala kitunda cha h3, akabaki hapo, bure, mbele ya kitunda cha g2.

Hapa ndipo sataranji inapokuwa ngumu kuliko drafti. Kwenye drafti ningejua atakula, angelazimika. Huyu alikuwa na hiari, na alikuwa na dakika za kutosha. Alifikiri muda mrefu, akashika mashavu. Watu wawili wakaja kusimama nyuma yetu. Hakuna aliyesema kitu.

Akala. Malkia wangu akashuka h3. Sasa tishio lilikuwa wazi: askofu wa d6 kutoa shaha h2, mfalme kwenda kona ya h1, askofu kurudi g3 na kufungua shaha ya malkia, mfalme kurudi g1, malkia kuingia h2 na kazi imekwisha. Kijana akaliona. Akasogeza ngome yake kutoka f1 hadi e1, amfungulie mfalme dirisha. Ni hatua ya mtu mwenye akili, ila dirisha lilikuwa dogo mno. Askofu h2, shaha. Mfalme h1. Askofu g3, shaha. Mfalme g1. Malkia h2, shaha. Mfalme akatoka dirishani f1, na malkia akamfuata h1, hatua ya 22. Mfalme hana pa kwenda: e1 ipo ngome yake, e2 askofu wake, f2 kitunda chake. Amezibwa na watu wa nyumbani.

Akasimamisha saa, akanipa mkono, tukasaini karatasi. Nje, kwenye ukuta wa uani, mama mmoja alikuwa anauza mahamri na viazi karai, na huko ndiko uchambuzi unakofanyika. Kijana alikuja na ubao wake chini ya kwapa, bila kinyongo hata chembe. Alikuwa ameshalipata jibu. Badala ya ngome, alisema, angesukuma kitunda cha f2 hadi f4.

"Hapo ungenipa nini, mjomba?"

"Shaha za kurudiarudia," nikamwambia. "Malkia g3, malkia h3, mpaka mwamuzi atutoe."

"Sare."

"Walau sare."

"Lakini mimi singekula kabisa pale mwanzo," akasema. "Na wewe kile kitunda cha d5 ulikiacha vipi? Wageni wote wanakila."

Nikamweleza habari za drafti, za kulazimika kula, za kulisha. Wenzake wakasogea. Mmoja wao, msichana wa miaka kama kumi na mitatu, akauliza kama Tanga kuna klabu. Nikasema kuna mwembe. Wakacheka, lakini yeye aliendelea kunitazama kama anayefanya hesabu. Raundi ya nne nilipangiwa naye na akanimaliza kabla chai haijapoa. Alikuwa ameona namna ninavyopenda kulisha, na kila nilichomtupia alikiacha hapo hapo kikae.

Raundi zilizobaki zilikwenda zilivyokwenda, nikamaliza katikati ya orodha. Jioni ya mwisho tulikaa baraza moja na wachezaji wa Kampala waliokuja kwa basi. Waganda wamewazidi wote ukanda huu, wana mabingwa wenye vyeo vya kimataifa, na hawachoki kukukumbusha. Walizungumza zaidi juu ya Arthur Ssegwanyi, aliyekwenda Baku mwaka 2015 kwenye Kombe la Dunia akakaa meza moja na Anish Giri wa Uholanzi, kuliko juu ya Phiona Mutesi wa Katwe aliyetengenezewa filamu. Nikauliza kwa nini. "Phiona mnamjua wote," mmoja akanijibu. "Ssegwanyi tunamjua sisi tunaocheza." Nilimpenda kwa jibu hilo. Ssegwanyi alifungwa michezo yote miwili na Giri akaendelea mbele. Ila alikuwepo, na alifika kwa kufuzu.

Nimefikiri sana juu ya tofauti ya watoto wale wa Mombasa na vijana wa mwembeni kwetu, na si akili. Kijana wa bodaboda anayeweza kuona kete nne mbele akiwa amelalia pikipiki yake, huku watu wanampigia kelele sikioni, ana kichwa cha sataranji tayari. Uwezo wa kuhesabu anao, kutoa sadaka anajua, uvumilivu wa kumsubiri mwenzake aingie mtegoni amezaliwa nao. Kinachompungukia ni saa mezani, daftari la kuandika hatua, na mpinzani wa kweli aliyekaa mbele yake badala ya kioo cha simu. Na tabia moja ya kuachana nayo, ile ya kudhani kila kinacholika kiliwe.

Wapo watakaosema nataka kuua drafti. La. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na hakuna aliyesema bao limemzuia kitu. Bao la Kiswahili lina kete 64, ubao wa sataranji una nyumba 64, ubao wa drafti nao 64. Mtu anaweza kucheza yote matatu na bado akapata muda wa palizi.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye vijiwe wa Korogwe, Handeni, Muheza na Mkinga ni dogo, na kwa walimu wakuu ni dogo zaidi. Ubao mnao tayari, ule ule wa drafti, hauhitaji kuchorwa upya. Zinazotakiwa ni kete 32. Fundi seremala yeyote anaweza kuzichonga, na saa ipo bure kwenye simu. Mkishapata, tafuteni shule mbili, pangeni Jumamosi moja, na mtu aandike hatua. Kwamndolwa tumeshaanza, chini ya mwembe ule ule, na wageni wanakaribishwa baada ya saa kumi, jua likishapungua.